Adventina Alikoiweka Zebaki

Dada yangu Pelagia,

Shikamoo. Najua ni miaka miwili hujaitikia shikamoo yangu, wala sikulazimishi kuitikia hii. Huko Bukiriro hamjambo? Migomba imestahimili upepo? Mgongo wa shemeji unamruhusu kulima? Sisi huku machimboni Biharamulo tunapumua. Nimeandika kwa sababu simu ungeikata, na ungekuwa na haki. Barua nampa kondakta wa basi la Ngara pale Lusahunga.

Nianze na la furaha, maana unanijua. Adventina wangu amekuwa wa kwanza! Kidato cha tatu kizima, wavulana wakiwemo, na watoto wa walimu wakiwemo. Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa kichwa kile! Mwalimu wa kemia aliwapa kazi mradi. Kila mwanafunzi aeleze ufundi unaofanywa nyumbani kwao, halafu achukue zile elementi za kemia, chuma, shaba, risasi na nyinginezo, ambazo kwenye vitabu zimepangwa kwa namba, azipange upya anavyoona yeye, mradi awe na sababu. Kuna aliyezipanga kwa bei ya dukani. Adventina akaniambia, "Mama, nitaandika kazi yako." Dada, nilitangaza kisimani, nilitangaza mashineni, nilitangaza hata kwa wanaonichukia.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Wachimbaji wakishaosha mchanga wanautia zebaki, yale maji mazito yanayong'aa kama bati jipya. Zebaki inakusanya chembe za dhahabu, zinakuwa donge. Donge naletewa mimi. Naliweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Hakuna mwanamke hapa anayenishinda mkono. Nimechoma nikiwa na mimba ya Deo, nimechoma nikimnyonyesha, nimechoma naye mgongoni.

Siku ya wazazi nilivaa kitenge kipya nikakaa mstari wa mbele. Adventina alikuwa amekata maboksi ya biskuti, kila elementi na kipande chake, akavitundika ukutani. Alizipanga kwa mahali zinakokwenda kazi ikiisha. Chuma cha fundi wa kuchomelea alikiweka kwenye safu ya mlangoni na dirishani. Risasi ya fundi betri aliiweka safu ya udongoni. Safu ya mwisho aliandika MWILINI. Hapo palikuwa na zebaki peke yake, na chini yake, kwenye msumari, kikaango changu.

"Hiki ni cha mama yangu," akasema. "Asubuhi anachomea dhahabu, jioni anatukaangia mayai."

Dada, nilipiga kigelegele. Nikasimama kabisa. "Ndiyo mimi huyo!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kuwa mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, kwamba unaingia kwa pumzi na kupanda hadi kwenye ubongo, na kwa mwenye mimba unampata mtoto kabla hajazaliwa. Pale kila mtu anamjua Deo wangu. Ana miaka mitatu, hajakaa wala kutambaa. Mama mmoja muuza vitumbua akanong'ona nyuma yangu, kwa makusudi nisikie, "Mama Adventina, hebu kipige tena hicho kigelegele."

Nyumbani nilimvaa. "Umeshindwa kuniambia humu ndani, ukaenda kunianika mbele za watu?"

"Nilikwambia, mama. Mara tatu. Ukasema nisikuletee ya vitabuni."

"Ndiyo unianike?"

"Na mama mkubwa, wewe ulimwanikia wapi?"

Mkono niliokuwa nimeuinua ulishuka wenyewe.

Ulikuja nilipojifungua. Ulipanda magari mawili na unga wa ulezi kichwani, ukanipikia uji siku saba. Deo alipofikisha miezi sita hajainua kichwa, nikasema ni uji wako. Nikasimama kwenye matanga ya mama, mbele ya ukoo mzima, nikasema hukujaliwa mtoto ndiyo maana umeniharibia wangu. Nasikia tangu siku ile watu hawali chakula chako.

Nilimpeleka Deo hospitali. Daktari hakuapa. Alisema mtoto kuwa hivi kuna sababu nyingi, na hawezi kunitajia moja kwa hakika, lakini zebaki hawezi kuiondoa kwenye sababu hizo. Dawa ya kumsimamisha hakuna, kuna mazoezi ya kumnyoosha kila siku, na akae mbali na ule mvuke. Nikamuuliza habari ya uji wa ulezi. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa. "Uji? Mama, huo ndio ungewafaa."

Kazi nimeiacha. Baba yao anasema hawezi kuacha riziki kwa ajili ya boksi la biskuti. Sasa madonge anayachoma yeye, hapa hapa uani. Adventina amepata nafasi bwenini. Deo hana pa kwenda.

Jumamosi nitashuka hapo Bukiriro naye. Wazazi hawapo, mlango uliobaki ni wako. Jumapili, watu wakitoka kanisani, nitasimama mbele ya wale wale niliokusemea kwao, niseme kwamba nilikuzulia, uwe umenipokea au hukunipokea.

Nisalimie shemeji, na shangazi aliyetulea baada ya baba kufariki, na mama wa ubatizo wa Adventina hapo jirani. Wasipotaka salamu zangu, wape za Deo.

Usije barabarani kama moyo hautaki. Nitakaa hapo kituoni na mtoto mpaka basi la kurudi la Jumapili lipite. Ukimtuma mtu amchukue Deo peke yake, nitamkabidhi na sitauliza neno. Mwambie tu amshike shingo kwa nyuma, haijakaza.

Mdogo wako niliyekuzulia,
Mama Adventina