Shina Moja Nyuma ya Jiko

Dada yangu,

Mama hajambo, ila meno yanamsumbua. Paa la jiko nimeliziba.

Nilisoma, nikaandika, nikahutubia dhidi ya mbegu za maabara, hadi watu wakanifuata kwenye shamba lako la utafiti. Tuling'oa mihogo yote. Mlinzi wako alipiga kelele, "Mzee, hiyo siyo! Hiyo dada yako kaichavusha kwa mkono, miaka kumi na moja!" Nikamjibu, "Kamdanganye mkeo." Watu wakaangua kicheko, nami nikawazidi.

Ile ya maabara ilikuwa ng'ambo ya barabara. Msimamo wangu juu yake sijaubadili, na tutagombana tena. Lakini yako niliiua mimi, nawe hukunipigia simu hata kunitukana.

Siku ile nilirudi na shina moja, nimelishika kama fimbo ya ushindi, nikalichomeka nyuma ya jiko. Limechipua. Mihogo ya Mama kando yake imejaa ugonjwa, lenyewe halina hata doa. Nimelijengea uzio. Mama akauliza, "Unamzuia nani?"

"Watu kama mimi," nikamjibu.

Njoo ulichukue.

Kaka yako mbishi