Nyuma ya Mtungi wa Gesi

Rehema mdogo wangu, mnaendeleaje na watoto wetu wa chekechea?

Huku Momela kuna baridi kali, Mlima Meru umejifunika mawingu na ziwa limejaa ndege, heroe wa rangi ya waridi. Nimewaona dirishani tu, simu ikiwa sikioni. Leo kwenye semina walimu wakuu tuliulizwa mmoja mmoja tunaionaje shule yetu miaka mitano ijayo. Zamu yangu ilifika ukiwa umenipigia: sukari ya uji imeisha, na funguo za stoo nimesafiri nazo mimi. Mwezeshaji akauliza, "Mwalimu, wewe unaona nini?" Nikiwa bado nakujibu wewe kuhusu sukari ya akiba, nikasema kwa sauti, "Angalia nyuma ya mtungi wa gesi!"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Walipotulia akaniuliza tena; nikaomba zamu yangu ipite, nikatoa kadi hii nikuandikie.

Wewe ni msaidizi wangu, lakini sijawahi kukuachia hata ufunguo mmoja. Nisamehe. Nikirudi, funguo ni zako. Wasalimie watoto, uwape uji mtamu. Na nikijifanya nimesahau, nisomee kadi hii mbele ya walimu wote.

Dada yako mwenye haya,
Anna