Maji Yaliyopotea Kwenye Boila

Mjini Nelson, Jumanne tarehe 14 Januari

Mwanangu mpendwa Janine,

Nakusalimu wewe, mumeo Graham na mjukuu wangu Tilly, nikitumaini kikohozi chake kimepoa na shule amerudi. Mimi ni mzima. Nina miaka themanini na moja, meno yangu mwenyewe kumi na tisa, na ngazi napanda bila kushika ukuta. Stanley wa klabu alijaribu kupanda kama mimi, sasa anatembelea magongo.

Utashangaa kupata barua, maana kalamu na mimi hatujapatana tangu shule, na shule yenyewe niliiacha mapema kwa sababu kiwanda kilinihitaji. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huongea na mimi hujibu, na hili nataka niliseme mpaka mwisho. Nimebandika stempu ya haraka ili ikufikie kabla ya Jumamosi.

Ni habari ya boila, huu mtambo wa jikoni unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto. Nimesikia ulivyosema: Jumatatu mafundi wanakuja kuvunja sakafu ya jikoni kutafuta maji yanapopotelea, na kama uvujaji uko chini ya zege, basi nyumba hii haimfai tena mtu wa umri wangu. Iuzwe, nihamie kwenu Swindon, kwenye chumba cha cherehani. Nimekiona chumba hicho. Ni kizuri. Sikitaki.

Wewe unajua mimi ni nani kwenye mashine. Kiwandani mitambo sitini ya kufuma ilikuwa chini ya mkono wangu, na meneja alikuwa akija kuniuliza mimi, siyo mimi kumuuliza yeye. Lakini boila ilikuwa ya marehemu mama yako. Yeye ndiye aliyeangalia mshale wake wa presha na kuiongezea maji, mimi nikisoma gazeti. Basi Novemba iliyopita mshale ukashuka chini ya moja, taa nyekundu ikawa inawaka na kuzima, redieta zote za ukutani zinazoleta joto zikawa baridi. Nilikaa siku mbili na koti ndani ya nyumba. Siyo kwamba nilishindwa. Nilikuwa naichunguza.

Siku ya tatu akagonga mlango wa nyuma Noreen Hargreaves, jirani yetu wa ukuta mmoja. Unakumbuka sikuwa nimesema naye miaka kumi na moja, tangu alipotangaza mbele ya klabu nzima kuwa nilisogeza tufe kwa ncha ya kiatu kwenye fainali ya mchezo wetu wa kuviringisha matufe. Nilipofungua tu akasema, "We Alwyn, umekufa au umekuwa bahili? Siku mbili sijaona mvuke kwenye bomba lako!" Nikamwambia boila naipumzisha. Akasema kinachopumzika humu ni akili yako, akanipita kama mlango ni wake.

Alipiga magoti kwenye mkeka. Chini ya boila kuna vikoki viwili vimeunganishwa na mrija wa mpira wa rangi ya fedha. Akafungua kimoja, akafungua cha pili, maji yakafanya ssss, mshale ukapanda taratibu mpaka moja na nusu, akafunga vyote viwili. Yai lisingeiva kwa muda huo. Akasema mama yako, Sheila, ndiye aliyemfundisha. Nikamwambia mimi pia nilikuwa najua. Akasema ndiyo, na yeye ni bibi harusi.

Kwa adabu nikachemsha chai. Alikaa mpaka saa sita. Tuliwasema watu wote wa klabu, waliokufa tukawapunguzia kidogo.

Wiki mbili baadaye mshale ukawa unashuka kila wiki, kila Jumanne, na kila Jumanne Noreen anakuja kuongeza maji. Nikakwambia kwenye simu, ukamtuma yule fundi wa ndevu nyekundu. Bwana yule alifanya kazi. Alipapasa kila kiungio kwa karatasi kavu, akalala kwa tumbo na tochi, hakupata hata tone. Akasema miaka ishirini hajaona uvujaji mjanja namna hii, lazima uko chini ya zege. Kwa jinsi alivyousifu, mimi nilijisikia vizuri.

Sasa nakuambia. Janine, boila haivuji. Mimi ndiye ninayeivujisha.

Kila Jumanne asubuhi nachukua kile kifunguo cha shaba cha kutolea hewa, nafungua redieta ya sebuleni, nakinga maji kwa jagi mpaka mshale uanguke. Halafu nagonga ukuta kumwita Noreen. Zulia halijapata doa hata moja, kwa hiyo fundi wako asijilaumu. Baada ya ile siku ya kwanza mshale ulikaa wiki mbili bila kutikisika, na Noreen hakuwa na sababu ya kuja. Nyumba ilikuwa na joto la kutosha. Nilikaa humo nikizisikiliza redieta.

Leo nimemweleza Noreen habari ya Jumatatu na ya Swindon. Akaweka kikombe chini. Nikamwambia na lile la kifunguo, nikangoja achukue koti lake. Akasema jagi langu lina utando mweusi wa maji ya redieta, ameliona tangu kabla ya Krismasi, na alikuwa akingoja nichoke mwenyewe. Halafu akanifokea: "Mzee mjinga wewe, unadhani mwanamke mwenye goti kama hili anapiga magoti kwa ajili ya boila?" Nikakubali kuwa mimi ni mjinga. Andika tarehe, maana haijawahi kutokea.

Akaniamuru nipige magoti mimi. Nikafungua kikoki cha kwanza, nikafungua cha pili, moja na nusu kamili, nikafunga. Kushuka nilishuka mwenyewe. Kuinuka alinishika kwapani.

Kwa hiyo waambie mafundi wasije. Mshale hautashuka tena. Kama huniamini piga simu kila siku nikusomee, nami nitakusomea ukweli. Nilikutia hofu majira yote ya baridi kwa jambo la kitoto, na hilo nakuomba unisamehe. Mama yako angenipiga na taulo la vyombo.

Jumatatu ukipenda kuja, njoo, lakini bila watu wa nyundo. Ukinikosa nyumbani usiite polisi. Gonga mlango wa jirani. Amesema atapika nyama ya kondoo na viazi, na sahani yako ipo.

Mbusu Tilly kwa niaba yangu, mpe Graham mkono, na Noreen anawasalimu wote.

Ni mimi baba yako, ambaye bado niko kwangu,

Alwyn Sugden