Kifupa cha Nyangumi

Buswahili, Butiama

Mwanangu Rhobi,

Tunamshukuru Mungu, sisi wazima. Mvua imenyesha vizuri, na yule ng'ombe mwekundu kazaa ndama jike.

Barua yako niliisoma kwa sauti, baba yako yuko mlangoni anasuka kamba. Tangu ukatae kurudi kuolewa huku, ukabaki Tanga kusomea wanyama wa baharini, hatajagi jina lako. Lakini niliposoma kwamba nyangumi ni ndugu wa kiboko, na kwamba mababu zao wa kale walitembea nchi kavu wakiwa na kwato, mikono yake ikasimama.

"Yaani ni kama ng'ombe kaingia majini akagoma kutoka," akasema.

Nikaendelea: miguu ya nyuma ilipotea, ila ndani ya mwili kimebaki kifupa cha nyonga, ingawa nyangumi hatembei tena.

Akarudi kwenye kamba yake. Leo nilipokaa kukuandikia, akaja akasimama nyuma yangu.

"Muulize Rhobi," akasema, "hicho kifupa huwa kinamuuma?"

Jibu la hilo, mwanangu, mwandikie yeye mwenyewe.

Mama yako,
Yuliana