Sauti ya Kufika Safu ya Nyuma

Jumatatu, 14 Julai

Ni mimi! Kamanda wa gwaride siku ya Ijumaa, askari wetu wapya wanapohitimu. Haijapata kutokea hapa mwanamke akaliamrisha. Mkuu wa chuo kalisoma jina langu mbele ya wote, nikajikaza nisicheke kama mtoto. Sajenti wa kwata, mzee yuleyule aliyenifundisha mimi kupiga saluti, akasema hana neno na mimi, ila sauti ya mwanamke haifiki safu ya nyuma.

Itafika!

Jumatano, 16 Julai

Nafanyia mazoezi jikoni. "Gwaride — mguu sawa!" Sufuria zinaitikia. Leo mama mkwe katoka chumbani mbio, akidhani namfokea mwanawe. Akamkuta baba watoto kasimama wima, kikombe cha chai mkononi — katii amri! Mama kacheka mpaka kakaa chini. Halafu akasema piga tena mwanangu, ng'ombe haelemewi na nunduye. Nikapiga. Nikapiga na kupiga, hadi jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, 17 Julai

Sauti imekwenda. Nimefungua kinywa asubuhi, kikatoka kitu kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mbio za sakafuni hizo! Daktari kasema nisitamke neno mpaka kesho. Naibu wangu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, ameambiwa akae tayari. Nimelia. Hata kilio hakikutoka.

Ijumaa, 18 Julai

Nimo garini, kando ya uwanja. Viatu vinang'aa, mama mkwe kavipiga rangi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Yuko jukwaani na baba watoto, wamekaa mbele kabisa. Nimejaribu sauti — mkwaruzo tu, lakini ipo.

Naibu kaja dirishani, glavu nyeupe ameshavaa. Anasema niamue mimi, hatanicheka. Kisha kaja sajenti. Nikajua kaja kunikumbusha maneno yake. Kumbe anatoka kuongea na safu ya nyuma.

"Afande, wamesema hata ukinong'ona watasikia. Nami nimewaambia, atakayekohoa atanitambua."

Akanipigia saluti, kisigino kikalia. Yeye, mimi! Najivunia, sifichi, najivunia mno.

King'ora cha mgeni rasmi hicho, getini. Naibu ananitazama. Glavu ya kushoto nimeshavaa. Sasa ya kulia, kalamu ikae chini —