Pete Kumi na Tisa

KITUO CHA POLISI, NJOMBE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kefa Mgaya. Umri: miaka 41. Kazi: seremala. Dini: Mkristo, Mlutheri. Makazi: Mjimwema, Njombe, kwa sasa nafanya kazi Makambako.
Yameandikwa na Koplo Methusela, tarehe 14 Agosti 1958, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi.

Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa lori la mbao, kwa sababu mmemweka ndani Alfonsi, mlinzi wetu wa Makambako, na Alfonsi hajafanya kitu. Nitaanza mwanzo ili ieleweke.

Mnamo mwezi wa Machi mwaka huu alifika Makambako Bwana Hallam, Mwingereza aliyekuwa mzamiaji katika jeshi la majini. Alikuja kufundisha watu wanne kuzama na mitungi ya hewa mgongoni, ili baadaye wakatengeneze milango ya bwawa chini ya maji. Alitaka shimo la kufundishia. Tulichimba, tukakuta mwamba futi tatu tu. Akasema basi, tangi litasimama juu ya ardhi, la mbao, kimo futi kumi na mbili. Akatuambia mafundi wawili kila mtu achore lake: mimi na Odilo Mwalongo, seremala kutoka misheni ya Wakatoliki.

Nilichora kwa wiki mbili. Niliweka pete kumi na tisa za chuma za kubana mbao, na nyingi nilizirundika chini, kwa maana maji yakijaa yanasukuma zaidi chini. Niliweka pia dirisha la kioo kinene ubavuni, ili mwalimu akae nje amwone mwanafunzi wake. Odilo alichora kwa siku mbili. Aliweka pete kumi na moja, nyingi katikati. Baba yake ni msukaji wa vihenge, na kihenge cha mahindi huzidishiwa fito tumboni, ndiko kinakopasukia. Odilo hajui chombo kingine.

Bwana Hallam anajua kuzama, kujenga hajui. Alitazama michoro akasema wangu unakula chuma kingi. Akampa Odilo kazi, na dirisha langu akalihamishia kwenye mchoro wa Odilo. Mimi nikapewa kuranda mbao.

Nimeulizwa kama niligombana na Odilo. Hapana. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mtu wa kugombana naye. Kila asubuhi alinisalimu, "Kamwene, kaka Kefa," akaniuliza habari za nyumbani. Halafu Bwana akamchagua kuwa wa kwanza kuvaa mitungi, akampiga picha. Mke wangu Tabea, ambaye kwa miaka kumi na minane hajawahi kutoka Mjimwema kuja kuona kazi yangu, alisema atakuja Makambako kumtazama Odilo akizama. Roho iliniuma mpaka nikawa sili vizuri. Andika hivyo hivyo, Koplo. Ulikuwa wivu.

Mnamo tarehe 7 Agosti, siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri, maji yalikuwa yamefika futi saba. Odilo alinifuata kwenye meza yangu ya randa. Akasema, "Kaka, mbao za chini zinatoa jasho. Wewe unajua mbao kuliko mimi. Njoo uniangalizie."

Nilikwenda. Nilipapasa kwa kiganja. Ubao mmoja wa chini ulikuwa umesukumwa nje kiasi cha unene wa kidole, na pete iliyokuwa hapo ilikuwa imekaza mpaka ukiigonga inalia. Nilijua pale pale kwamba maji yakifika juu, pete hiyo haitastahimili. Nikamwambia, "Mbao zinakunywa maji. Zikishiba zitajiziba zenyewe. Liko sawa."

Mbao mpya kweli hunywa maji na kujiziba. Ndiyo maana aliamini. Alinishukuru, akasema sasa atalala usingizi.

Nimeulizwa nilikusudia nini. Nilitaka livuje. Nilitaka maji yamwagike miguuni pa Bwana, watu wacheke, halafu wautazame tena mchoro wangu. Kuumia kwa mtu sikukufikiria, au nilikufikiria nikakuweka kando.

Mnamo tarehe 9 Agosti, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, tangi lilikuwa limejaa. Walikuwapo watu kama sitini. Odilo alipanda ngazi na mitungi yake, akazama. Tabea alikuwa amesogea mpaka kwenye dirisha, anamwangalia Odilo mle ndani na kucheka. Nilikwenda nikamshika mkono, nikamwambia aje tukae juu kwenye magogo, jua litamchoma. Kulikuwa na ukungu, Koplo, na watu wamejifunika mablanketi. Tabea alinitazama, akanifuata.

Wengine sikuwaambia wasogee.

Saa nne na dakika ishirini pete ya chini ilikatika kwa mlio kama wa bunduki, mbao zikafunguka, maji yakatoka yote kwa pamoja. Odilo alitupwa nje mpaka kwenye rundo la mawe. Amevunjika paja na mbavu tatu. Watu watano waliumia, na Bwana Hallam alichanika kichwa. Lile dirisha lilikutwa kwenye nyasi, kioo kizima.

Jioni ile Alfonsi alikamatwa, kwa madai kwamba alilegeza nati za pete kwa sababu Bwana alimgombeza kwa kulala lindoni. Nati hazikulegezwa. Pete ya chini imekatika katikati ya chuma na nati zake mbili bado zimekaza. Iko nyuma ya banda la mbao, nendeni mkaione.

Jana, tarehe 13, saa nane mchana, nilikwenda hospitali kumwona Odilo. Nilimuuliza kwa nini wamemshika Alfonsi. Akasema, "Mimi ndiye niliyewaambia polisi kuna mtu kalegeza. Tangi lilikuwa zima. Kefa mwenyewe alilikagua, na Kefa hasemi uongo juu ya mbao."

Miaka yote nilitaka mtu aseme kwamba neno langu kwenye mbao ni neno la fundi. Odilo alilisema, na kwa neno hilo mtu yuko mahabusu. Tabea, aliyebaki nami Makambako, tangu Jumamosi ananiwekea chakula, lakini hanisemeshi.

Mchoro wangu nimeuleta, uko hapa mezani. Niliyokuja kuyasema yameisha, na hakuna aliyenilazimisha.

(Sahihi) Kefa Mgaya

Maelezo haya nimemsomea shahidi kwa Kiswahili, akayakubali. Alisahihisha mahali pamoja: niliandika pete kumi na nane, akataka ziandikwe kumi na tisa. Kwa amri ya mkuu wa kituo Alfonsi ametolewa mahabusu saa tano na dakika kumi. Alipopita hapa aliushika mkono wa shahidi kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kuja kumtetea. Shahidi aliomba Alfonsi asomewe maelezo kwanza. Alisomewa yote. Akauachia mkono, akatoka bila kuaga. Shahidi amezuiliwa kituoni.

(Sahihi) Koplo Methusela