Muti ya mu salo

Burungu, siku ya posho, mwezi wa saba 1953

Ile muti yangu ya mu salo, mule tunapokeleaka wageni, ya majani marefu ya kungaa, kila mugeni anaisifiaka. Niliona ya namna ile kwa Madame wa plantasio, mu chungu karibu na dirisha, nikasema hata mimi! Haisumbue. Unapanguza vumbi, unamwanga maji kidogo, na hata ukisahau, hailalamike. Yangu niliingoa pembeni ya shamba ya bwana yangu Fidele. Nilizania ni alama ya mupaka tu.

Leo mama mukwe alileta maziwa. Kuona muti, alitua kibuyu chini.

"Nani aliitosha kule?"

"Ni mimi, Mama. Ni ya kupendezesha nyumba."

Alikaa chini, akashika jani kama vile mutu anashika mukono.

"Mutoto wangu wa kwanza njo analalaka pale. Alikufa mbele ya kubatizwa, wakamukatalia makaburi ya misioni. Musalaba hakuna. Tulimupandia hii."

Yesu wangu! Na Fidele hajue. Hakuna mutu alishamwambia kama alikuwa na kaka.

Nilipiga magoti, nikaomba musamaha, nikasema nairudisha sasa hivi.

Mama akapanguza vumbi na kitambaa yake, polepole.

"Acha. Kule inje baridi ilimupiga sana. Sasa ameingia mu nyumba."

Kisha akaniuliza kama leo nilimupa maji.

Nilikuwa nimesahau.